Kupima Kinga za Nafsi: Hojaji na Ukweli wa Kwale

Nafsi ya binadamu, ifikwapo na zito, hujihami. Hukana lililotokea, hubuni visababu vya kujiliwaza, au humtwika mwingine hisia ambazo yenyewe haitaki kuzikiri. Anna Freud alizifafanua mbinu hizi katika kitabu chake cha mwaka 1936. Wahenga wetu nao waliligusa jambo hilo waliponena kwamba nyani haoni kundule. Suala la makala haya ni jinsi ya kuzipima mbinu hizo, ilhali anayezitumia aghalabu hajitambui.

Njia mojawapo ni hojaji. Mwaka 1993, Andrews, Singh na Bond walitoa hojaji ya kauli 40 zinazopima mbinu 20, kila mbinu kauli mbili. Mhojiwa hujipa alama kutoka 1 hadi 9 kadiri anavyoafikiana na kauli. Huenda mtu asiijue mbinu yenyewe, lakini huyajua mazoea yanayotokana nayo. Baadhi ya mbinu huhesabiwa kuwa pevu, mathalani ucheshi. Nyingine huitwa changa, mathalani ukanaji na usukumizi, yaani kuwatwika wengine yaliyo yetu.

Aidha, umri una uzito wake. Phebe Cramer, aliyechunguza hadithi ambazo watu husimulia wakionyeshwa picha, alibaini kwamba ukanaji hutamalaki utotoni na kufifia baadaye. Kwa hiyo alama moja haiwezi kufasiriwa sawasawa kwa kijana na kwa mtu mzima.

Tuipeleke sasa hojaji hiyo Kwale. Ili kupima usukumizi, mhojiwa huulizwa iwapo watu humtendea vibaya. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikiri dhuluma za ardhi zilizowapata wakazi wa Pwani. Basi mzee wa Msambweni, au kijana wa Diani ambaye jamaa yake inalima shamba lisilo na hati, akijipa alama 9, je, anajificha nafsi yake au anasema kweli? Jumla ya alama haitofautishi. Kijana huyo aweza kuandikwa kuwa mwenye nafsi changa, na lalamiko lake la haki likageuzwa kuwa dalili.

Tafsiri nayo huongeza utata. Mfasiri akichagua "kuonewa", ameingiza maana ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Akichagua "kutendewa vibaya", maana hiyo hupungua. Isitoshe, wengi wa wahojiwa huzungumza Chidigo nyumbani, na Kiswahili chao chaweza kuwa cha shuleni.

Kwa hivyo, kabla ya kuhesabu alama, kauli zijaribiwe kwa wenyeji, vijana mbali na watu wazima mbali. Na kila anayesema anaonewa aulizwe: na nani, lini, kwa jambo gani? Akitaja shamba, mpaka na mwaka, mpimaji ana la kuchunguza nje ya nafsi ya mhojiwa kabla ya kuihukumu nafsi hiyo.