Wanafunzi wa Isiolo Waufuate Mto

Magari ya watalii hupita Wabera yakielekea Archer's Post, nao wanafunzi wetu huyapungia mikono. Wamo niliowafundisha waliomaliza shule bila kuiona Hifadhi ya Buffalo Springs, ingawa imo papa hapa Isiolo.

Kwa maoni yangu, ziara ya masomo ianzie Timau, ubavuni mwa Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199. Kutoka kwenye baridi na mierezi, gari huteremka hadi kwenye joto na migunga ya Isiolo, kisha kwenye mikoma ya Ewaso Ng'iro, makao ya choroa na swala twiga. Ndovu nao huteremka: tangu 2011 wana kivuko chao chini ya barabara ya Nanyuki–Meru.

Mwongozaji mwenyeji ataeleza yasiyosemwa na ramani ya darasani: maji ya mto huu hutoka Mlima Kenya na Aberdare, na yakichotwa mno huko juu wakati wa kiangazi, mfugaji wa chini hukuta mchanga mtupu.

Hifadhi hiyo i mikononi mwa serikali ya kaunti. Basi iwasamehe wanafunzi kiingilio siku moja kila muhula; shule nazo zichangie mafuta ya gari.