Simu ya Intaneti katika Nyaya za Zamani

Katika baadhi ya nyumba za zamani za mji wa Morogoro, chini ya miteremko ya milima ya Uluguru, bado zinaonekana nyaya nyembamba za simu zilizopigiliwa kandokando ya kuta. Hutoka sebuleni, hupita juu ya milango, na kuishia vyumbani katika visanduku vidogo vya plastiki. Nyaya hizo ni urithi wa enzi za Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na ambalo kazi zake za simu zilishikwa na TTCL kuanzia mwaka 1994. Baadaye ilikuja simu ya mkononi. Mwishoni mwa mwaka 2020 laini za mkononi nchini zilikuwa zimepita milioni 50, ilhali za mezani hazikufika 100,000.

Hivi leo intaneti huingia nyumbani kwa mkongo wa nyaya za kioo au kwa mawimbi ya redio, nayo huweza kubeba mazungumzo ya simu. Swali linalojitokeza ni hili: je, nyaya za shaba zilizomo ukutani zing'olewe na kutupwa, au zaweza kutumika tena? Jibu ni kwamba zaweza kutumika, na kwa gharama ndogo. Hata hivyo, yampasa mwenye nyumba aelewe kwanza ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiletwa na nyaya hizo.

Kazi tatu za kituo cha simu

Watu wengi hudhani kwamba waya wa simu huleta sauti tu. Kwa hakika, kituo cha simu kilikuwa kikifanya kazi tatu kwa kutumia jozi moja ya nyaya. Kwanza, kilileta umeme wa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 48, na umeme huo ndio ulioendesha simu. Pili, mtu alipopigiwa, kituo kilituma umeme wa mkondo geu wa volti zipatazo 75 hadi 90, unaogeuka mara 20 hadi 25 kwa sekunde, ili kuliza kengele. Tatu, kilipokea namba iliyopigwa na kuiunganisha na simu ya upande wa pili.

Katika simu ya intaneti kazi hizo huhamia nyumbani, katika kijisanduku kiitwacho adapta. Upande mmoja adapta huungwa na ruta ya intaneti. Upande wa pili ina tundu la simu ya kawaida. Humo hutoa volti za kuendesha simu na za kuliza kengele, kama kwamba ni kituo kidogo cha simu. Aidha, huigeuza sauti kuwa tarakimu. Katika njia iliyozoeleka sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo sekunde moja ya mazungumzo huwa biti 64,000. Biti hizo hufungwa katika vifurushi vidogo, kwa kawaida 50 kwa sekunde, na kila kimoja husafirishwa peke yake hadi kwa mpokeaji.

Kutenganisha kabla ya kuunganisha

Soketi za simu za nyumba moja huungwa sambamba katika jozi ileile ya nyaya. Kwa sababu hiyo, adapta ikichomekwa katika soketi moja tu, soketi zote za nyumba hupata uhai. Lakini jozi hiyohiyo hutoka nje, hupanda nguzo, na kuelekea kituoni. Ikiwa laini ya nje bado ina umeme, volti za kituo zitakutana na volti za adapta katika nyaya zilezile, na adapta yaweza kuungua, hasa kengele inapolia. Kanuni ya kwanza, basi, ni kuitenga nyumba na laini ya nje kabla ya kuchomeka chochote.

Kazi hiyo hufanyika mahali nyaya za nje zinapoingilia nyumbani, na kwa kuwa nyaya hizo ni mali ya kampuni ya simu, yafaa fundi wake ahusishwe. Nyaya mbili za nje hufunguliwa, kila moja hufungwa peke yake kwa utepe wa kuzuia umeme, na kibao huwekwa ili fundi mwingine asije akaziunganisha tena bila kujua. Kisha kila soketi hupimwa kwa mita ya volti, isomeke sifuri. Kutosikia mlio katika simu si ushahidi wa kutosha, kwani simu yenyewe yaweza kuwa mbovu.

Pale ambapo intaneti yenyewe huingia kwa jozi hiyo ya shaba, laini haiwezi kukatwa kabisa. Hapo jozi ya nje hupelekwa moja kwa moja hadi kwenye modemu, na nyaya nyingine zote za nyumba hutengwa nayo.

Baada ya hayo, adapta huungwa na soketi iliyo karibu na ruta, na simu moja hujaribiwa kabla ya kuongeza nyingine. Adapta nyingi za nyumbani huweza kuliza simu 3 hadi 5 tu kwa wakati mmoja, na simu za kengele ya chuma hula nguvu nyingi kuliko za kisasa. Kengele zikilia kwa unyonge, mzigo umezidi. Hali kadhalika, simu za kuzungusha kwa kidole huweza kupokea, lakini adapta nyingi hazitambui namba zinazopigwa kwa simu hizo.

Kutenganisha huku kuna faida nyingine kwa watu wa Morogoro. Wakati wa masika, ngurumo za Uluguru huja na radi, na waya mrefu unaoning'inia nguzoni ni njia mojawapo ya umeme wa radi kuingia nyumbani. Waya huo ukishatengwa, njia hiyo hupungua, ingawa njia ya waya wa umeme wa taa hubaki. Kwa hiyo ni vyema adapta na ruta zichomolewe radi zinapokaribia.

Gharama isiyoonekana

Lipo jambo moja ambalo simu ya zamani ililitoa bila mtumiaji kulifikiria. Taa zilipozimika mji mzima, simu ya mezani iliendelea kufanya kazi, kwa kuwa umeme wake ulitoka kituoni, ambako kulikuwa na betri kubwa na jenereta. Adapta haina akiba hiyo. Mti ukiangukia nyaya za umeme usiku wa mvua, ruta huzimika, adapta huzimika, na simu zote za nyumba huwa kimya kwa mara moja. Ni usiku wa namna hiyo ambapo mgonjwa huweza kuzidiwa, au mama mjamzito akashikwa na uchungu, na msaada ukahitajika upesi.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Tuseme ruta na adapta hutumia wati 15 kwa pamoja. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina akiba ya wati-saa 84; ukitoa nguvu inayopotea njiani, hubakia kiasi cha kuziendesha kwa saa 4 hivi. Anayetaka usiku mzima, yaani saa 12, anahitaji betri yenye uwezo mara tatu. Kisanduku cha mkongo, kama kipo, nacho kiingizwe katika hesabu. Hata hivyo, betri ya nyumbani haiwezi kuponya mtambo uliozimika huko njiani. Kwa hiyo simu ya mkononi iliyojazwa chaji isikosekane, na namba ya dharura, 112, ijaribiwe kwa macho ya mtoa huduma: aulizwe mapema kama simu yake ya intaneti inaifikisha namba hiyo, na kama inaifikisha mahali panapostahili.

Nyaya za shaba zilizomo ukutani, basi, si takataka. Zimekwisha lipiwa, zimekwisha pigiliwa, na bado zaweza kubeba sauti kutoka chumba hadi chumba kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni mwenye dhamana. Zamani kituo kilikesha kwa niaba ya wateja wake wote. Sasa kila nyumba haina budi kujikeshea yenyewe, na maandalizi hayo yafanywe kiangazi, kabla mawingu ya masika hayajatanda juu ya Uluguru.