Kutunga Maswali ya Chemsha Bongo Juu ya Kwao

Katika shule nyingi mwalimu ndiye atungaye maswali ya chemsha bongo, nao wanafunzi hujibu. Ni walimu wachache wanaowaachia wanafunzi kazi ya kuyatunga wenyewe juu ya mji au kijiji chao. Hata hivyo kazi hiyo ya pili ina faida kubwa zaidi, kwa maana ajibuye yatosha akumbuke, lakini atungaye hana budi kuwa na hakika.

Na uchukuliwe mfano wa shule iliyo katika kisiwa cha Mombasa. Karibu kila mtoto wa hapo ameiona ngome kubwa ya Wareno, iitwayo Fort Jesus. Mwalimu akisema, "Tungeni swali juu ya ngome hii," wengi wataandika hivi: "Ngome ilijengwa lini, na nani aliijenga?" Swali hilo laonekana jema, lakini lina makosa matatu.

Kosa la kwanza, ni maswali mawili katika moja. La pili, kazi ya ujenzi ilianza mwaka 1593, na mwaka 1596 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kumalizika. Basi yupi atapewa alama, aliyejibu mwaka wa kwanza au wa pili? La tatu, neno "kujenga" lina maana nyingi. Walioamuru ni Wareno, aliyechora ramani yake ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na walioinua mawe ni mafundi na vibarua. Swali lililo sawa ni hili: "Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka gani?" Hapo jibu ni moja tu.

Kwa hiyo yafaa mwalimu aigawanye kazi kwa hatua nne.

Kwanza, wanafunzi watoke darasani wakatazame. Waandike majina ya mitaa, misikiti ya zamani, visima, makaburi na maandishi yaliyochongwa katika mawe. Jina lenyewe huweza kuwa swali. Kilindini, kwa mfano, latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Ndiyo sababu meli kubwa hutia nanga huko.

Pili, wakawaulize wazee. Jambo hili lataka adabu. Mtoto atoe shikamoo, aeleze ametumwa na shule, aulize jambo moja moja, na asimkatize mzee maneno. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kwa haraka ni utovu wa adabu, na mzee aliyeudhika hunyamaza.

Tatu, wayalinganishe waliyoyapata. Habari iliyotoka kwa mtu mmoja isiandikwe kuwa jibu mpaka ithibitishwe na mzee mwingine, au kitabu, au maandishi ya jumba la makumbusho. Pengine masimulizi hayatapatana. Wako wasemao kwamba jina la Mvita latokana na vita vingi vilivyopiganwa kisiwani, na wako wasemao kwamba latokana na Shehe Mvita, mtawala wa zamani. Mwanafunzi asichague moja kwa kupenda kwake, wala asilitupe la pili. Aandike: "Taja moja katika masimulizi mawili juu ya asili ya jina la Mvita." Swali la namna hiyo lasema kweli, wala halimvunjii heshima mzee yeyote.

Nne, swali lijaribiwe. Kila kundi liwape wenzao maswali yake kabla ya siku ya mashindano. Mtu akiuliza, "Reli ilimalizika lini?" mmoja atajibu 1899, mwaka ilipofika Nairobi, na mwingine 1901, ilipofika Kisumu. Wakibishana, kosa si lao, ni la swali. Kisha nyuma ya kila karatasi paandikwe jibu, na mahali lilipopatikana.

Huenda mtu akasema kwamba hayo yote ni taabu nyingi kwa ajili ya mchezo. Sivyo. Swali baya humnyima alama mtoto aliyesema kweli, naye hujifunza kwamba kujua hakuna faida. Tena jibu la uongo likishangiliwa mbele ya shule nzima, litakaririwa nyumbani, na baada ya miaka michache litahesabiwa kuwa historia.

Fort Jesus ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hata 1958, na baadaye ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Habari za ngome zimekwisha kuandikwa vitabuni. Bali habari za kisima cha mtaani, na za mtu aliyekichimba, aghalabu zimo katika kifua cha mzee mmoja tu. Mtoto aliyefundishwa kuuliza vema aweza kuzipata angali hai; asipotumwa leo, huenda kesho asimkute wa kumwuliza.