Unapanda Mlima Kenya? Usikimbilie Lenana

Wikendi ndefu ndiyo hiyo, na wewe na marafiki mshachanga pesa. Mpango ni kupanda Mlima Kenya kupitia Sirimon, upande wa Meru, kisha mteremkie Chogoria, kati ya Meru na Embu. Safi kabisa! Hamtarudia njia mliyopandia, na mkishuka mtaliona Ziwa Michaelson chini kabisa bondeni.

Lakini sikia. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mwili hauizoei eti kwa sababu unaenda jimu kila jioni. Tenga siku nne au tano. Tembea polepole, kunywa maji, beba nguo nzito za usiku.

Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, mwambie anayewaongoza mara moja. Usijikaze kwa kuogopa kuchekwa. Hali ikizidi, usingoje kupambazuke ndipo upige picha ya kileleni: shuka, tena usishuke peke yako.

Mlima hauhami. Utaupanda siku nyingine.