Glaida ya Kisangani Ianzie kwenye Kamba

Kisangani haina mlima. Mji umekaa kando ya Mto Kongo, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya nyumba za mwisho ni msitu juu ya ardhi tambarare. Kijana anayetaka kuunda ndege isiyo na injini, yaani glaida, na kuiongoza kwa rimoti akiwa chini, inafaa alitazame jambo hilo kabla hajauliza bei ya chochote. Kule Iten nchini Kenya, upepo unaotoka Bonde la Kerio hugonga ukuta wa bonde ukapanda juu, na ndiyo maana watu wa parachuti za kuelea hupapenda mahali hapo. Mwenye glaida ndogo anasimama ukingoni, anaisukuma kwa mkono, na upepo unaipokea. Ukingo wa namna hiyo haupo Makiso, wala Mangobo, wala Lubunga. Siku nyingi upepo wa Kisangani ni hafifu. Unapopata nguvu, kwa kawaida mvua ya radi imeshakaribia, na saa hiyo glaida inapaswa kuwa ndani ya nyumba.

Maelekezo mengi ya kuunda glaida huanza na bawa. Humfundisha mtu kukata, kubandika na kufunga mitambo, kisha mwishoni kabisa yanamwambia arushe. Kwa mji huu mimi ningeanza na kamba. Namna ya kuipandisha ndege ndiyo inayoamua bawa liwe na nguvu kiasi gani, nguvu hiyo inaamua vifaa, vifaa vinaamua uzito, na uzito ndio unaoamua kama fedha kidogo ulizonazo zitatosha.

Tuchukue mfano tuushike hadi mwisho. Glaida yenye mita 1.5 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, na bawa lenye upana wa sentimita 16, ina eneo la desimita za mraba 24. Tuseme uzito wake wote ni gramu 360. Hewa ya Kisangani, kwa sababu ya joto, unyevu na huo mwinuko wa mita 400, ina uzito wa kilo 1.1 hivi kwa kila mita ya ujazo, ilhali vitabu vingi hupiga hesabu kwa kilo 1.225. Ukifanya hesabu kwa hewa yetu, ndege hii haiwezi kujibeba chini ya mwendo wa mita 5.5 kwa sekunde. Ikitulia kwenye mita 7 kwa sekunde, na ikiwa imeundwa kwa uangalifu wa wastani, itasonga mita 10 mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Maana yake inapoteza sentimita 70 za kimo kila sekunde. Ukiitupa kutoka begani, imegusa majani ndani ya sekunde tatu. Ikianzia mita 40 juu, unapata karibu dakika nzima, muda wa kugeuza, kusikia mkono wako unafanya nini, na kutafuta hewa inayopanda. Tofauti kati ya kuchezea na kuruka kweli ni hizo mita 40.

Njia za kuzipata ni tatu. Ya kwanza ni kuizungusha ndege kwa kushika ncha ya bawa, kama mrusha kisahani, kisha kuiachia ipae. Mashindano ya kimataifa ya aina hiyo huitwa F3K, na kanuni zake zinaweka kikomo cha mita 1.5 kwa urefu wa mabawa. Mabingwa hupata kimo kikubwa sana kwa mkono peke yake, lakini ndege zao ni za nyuzi za kaboni. Bawa la povu jepesi halistahimili msokoto ule, na kulifanya listahimili ni ghali. Tuiache.

Njia ya pili ni mpira unaonyumbuka. Unapiga kigingi, unafunga mita 10 za mpira, unaunga mita 40 za uzi wa nailoni wa wavuvi, unafunga pete mwishoni mwake, pete inakaa kwenye kulabu iliyo chini ya ndege. Unarudi nyuma ukivuta, unaachia. Watu wengi hukimbilia njia hii kwa sababu Kisangani ni mji wa toleka, yaani teksi za baiskeli, na mipira ya ndani ya baiskeli iliyochoka iko kila penye fundi. Tatizo ni kwamba mipira hiyo mingi ni ya butili, mpira wa viwandani uliotengenezwa kuzuia hewa isitoke. Ukiuvuta unameza nguvu, na ukiuachia unarudisha sehemu tu ya ulichoweka, tena polepole. Mpira wa asili, kama ule wa manati nzuri, unarudisha karibu yote. Kwa hiyo mwenye mpira wa asili autumie, akivuta hadi mizani ya kuning'iniza ya sokoni ionyeshe kilo moja na nusu hivi kwa ndege yetu ya gramu 360. Mwenye mpira wa baiskeli aukate vipande vya kufungia bawa kwenye mwili wa ndege, kazi ambayo unaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, maana ndege ikijikwaa bawa linateleza badala ya kuvunjika.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote: miguu ya rafiki na puli moja. Kila aliyewahi kukimbia na tiara siku isiyo na upepo anajua kwamba mbio zinaweza kushika nafasi ya upepo. Lakini mtu anayekimbia kwenye nyasi mita 4 kwa sekunde hafikii hata ule mwendo wa chini kabisa wa kuibeba ndege yetu. Puli inatatua hilo. Kigingi kinapigwa pale anapoanzia mkimbiaji, mita 80 mbele ya ndege. Ncha moja ya uzi inafungwa kigingini, uzi unapita kwenye puli iliyo mkononi mwa mkimbiaji, kisha unarudi hadi kwenye ndege. Akikimbia kwenda mbele, uzi unavutwa kwa kasi maradufu ya miguu yake, mita 8 kwa sekunde. Akimaliza mita 30, zimebaki mita 50 za uzi kati yake na ndege, nayo iko juu, zaidi ya mita 30 kama imepanda vizuri. Jumla ya nafasi inayohitajika ni mita 110, yaani kiwanja cha mpira kutoka goli hadi goli na hatua chache za ziada. Mkimbiaji akipunguza mwendo, uzi unalegea na pete inachomoka yenyewe. Kipande cha kitambaa chekundu karibu na pete kinasaidia uzi uonekane unapoanguka. Mkimbiaji avae glavu, na watoto wasisimame karibu na uzi, kwa sababu nailoni iliyokazwa inakata ngozi.

Sasa bawa linajieleza lenyewe. Ndege inayopanda kwenye uzi haiendi mita 7 kwa sekunde. Kwa kuwa inapinda juu kama tiara, inafika mita 12 bila shida. Nguvu ya hewa kwenye bawa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo bawa lililobeba gramu 360 kwenye mita 5.5 linaweza kulazimika kubeba karibu mara tano ya hizo, kilo 1.7, zote zikivuta katikati pale kulabu ilipo. Bawa la povu tupu litakunjika, na hapo ndipo ndege nyingi za kwanza zinapokufa.

Dawa yake ni uti wa bawa. Povu lenyewe, frigoliti inayofungiwa friji na televisheni, halina bei na ni jepesi ajabu: mita ya ujazo ni kilo 15 hadi 20 tu, hivyo bawa zima la mfano wetu halifiki gramu 40. Linakatwa kwa waya wa resho ya umeme iliyokufa, uliopashwa moto kwa betri ya volti 12 na kukazwa kwenye upinde wa mti. Juu na chini ya bawa, pale lilipo nene zaidi, unachimba mfereji mwembamba na kulaza fito mbili za mwanzi mkavu, kila moja upana wa milimita 5 na unene wa milimita 2. Ufito wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, na povu lililo katikati linazuia ule wa juu usipinde. Fito zote mbili zinaongeza gramu 20 tu, na zinabeba ile kilo 1.7 zikiwa na akiba kubwa. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Gundi za haraka na zile zenye harufu ya petroli zinakula frigoliti papo hapo. Kwa unyevu wa Kisangani gundi nyeupe inahitaji usiku kucha, pengine zaidi, na hakuna njia ya kuiharakisha isipokuwa kusubiri. Ngozi ya nje ni skochi ya kufungia katoni.

Kwa mwili wa ndege, msitu wenyewe una jibu. Mti wa parasolier, ambao wanasayansi huuita Musanga cecropioides, huota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa kupumzika, hukua haraka kupita kiasi, na mbao yake kavu ni kati ya kilo 200 na 300 hivi kwa mita ya ujazo. Hiyo inakaribia balsa ya Amerika ya Kusini, ambayo waunda ndege wa Ulaya huinunua kwa bei kubwa. Haufai kwa bawa zima, kwani bawa la parasolier tupu lingekuwa na gramu 400 peke yake, lakini kwa mwili na mkia unafaa sana. Ukikata parasolier hujaujeruhi msitu kama anayekata afromosia, mti mzito wa jimbo hili la Tshopo unaolindwa kwa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mgongo wa jani la mwale nao ni mwepesi na mgumu, ukikaushwa kivulini. Natamani kuona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wakipima fito za miti hii, ipi inavunjika kwa uzito gani. Kilomita 100 hivi kuufuata mto, Yangambi, kuna kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kilichorithi kazi iliyoanzishwa mwaka 1933, na elimu ya mbao ni sehemu ya urithi huo.

Kinachobaki kununuliwa ni mitambo. Sevo mbili za gramu 9, yaani mota ndogo zinazosogeza vipande vya mkia, moja ya usukani wa mkia na nyingine ya kupandisha na kushusha pua, ndizo rahisi kuliko vyote. Rimoti ndiyo inayoumiza mfuko: ya bei nafuu yenye chaneli sita, kama zile za Flysky, ni karibu dola 50 pamoja na kipokezi chake, kabla ya usafiri. Rimoti ya gari la kuchezea haitoshi, kwa kuwa inajua kulia kabisa na kushoto kabisa bila kitu katikati. Bodi ndogo ya kielektroniki ya ESP8266 inayoongozwa kwa Wi-Fi ya simu ni rahisi mno, lakini mawimbi yake hudhoofika haraka ndege ikienda mbali. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba vijana watano au sita wanunue rimoti moja, na kila mmoja aunde ndege yake. Betri nne ndogo za nikeli za kuchajiwa zinatoa volti 4.8. Ziwekwe puani, maana pua inahitaji uzito hata hivyo. Umeme ukikatika, paneli ndogo ya jua inazichaji.

Kabla ya uzi wowote, ndege ilale juu ya vidole viwili chini ya bawa, sentimita 5 nyuma ya ukingo wa mbele. Ikiinamisha mkia, ongeza uzito puani. Kulabu ikae sentimita moja mbele ya hapo. Ikiwa nyuma mno ndege inayumba na kujipiga chini, ikiwa mbele mno haipandi. Kila ncha ya bawa inyanyuke sentimita 7 au 8 kuliko katikati, ili usukani wa mkia peke yake utoshe kuilaza kwenye kona. Kisha itupwe kwa mkono kwenye nyasi ndefu mpaka iteleze moja kwa moja bila kuruka-ruka.

Uwanja mkubwa ulio wazi kuliko vyote mjini ni mto, na hilo liliwahi kueleweka mapema: mwaka 1921 ndege za maji za Ligne Aérienne Roi Albert zilifika hapa kutoka Léopoldville zikitua juu ya Mto Kongo. Glaida yenye sevo haina bahati hiyo, ikitua majini imekwenda na mkondo. Kiwanja cha mpira kinatosha, mbali na uwanja wa ndege wa Bangoka na mbali na ule wa zamani wa Simisini.

Lakini ruhusa ni sehemu ya ujenzi sawa na gundi. Huu ni mji uliopigwa kwa mizinga kwa siku sita mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana mitaani mwake, na nchi hii ya Kongo ndiyo Umoja wa Mataifa ulikoanza kurusha ndege zisizo na rubani za upelelezi, Goma, Desemba 2013. Mtu akiona kitu kinazunguka juu na kijana mwenye antena chini, ana sababu ya kuogopa. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, ajulishwe na aonyeshwe ndege mkononi, aguse povu, aone kwamba haina kamera wala injini. Polisi wajulishwe. Mwili upakwe rangi kali. Siku majirani wakikataa, ndege ibaki nyumbani.

Wakikubali, saa nzuri ya kujifunza ni asubuhi, ukungu ukishaondoka, hewa ikiwa imetulia. Kuanzia saa nne hivi jua linapasha mabati na lami, hewa moto inaanza kupanda kwa vipande, na ndege iliyokuwa ikishuka sentimita 70 kwa sekunde inaweza kusimama pale pale angani, au kupanda. Ukiona bawa moja linanyanyuka bila wewe kugusa chochote, geukia upande huo huo.