Mwanagenzi Mbele ya Kioo: Mafunzo ya Kazini kwa Njia ya Mtandao katika Kisiwa cha Mombasa

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Sababu ilikuwa maradhi ya Korona. Amri hiyo, iliyotolewa pamoja na ile iliyohusu mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ilidumu takriban mwezi mzima, na Idi ya mwaka huo ikapita huku njia zimefungwa. Karani wa forodha aliyezoea kutoka Kibokoni asubuhi na kwenda kwa miguu hadi ofisini mwake katika Barabara ya Moi hakuweza tena kufanya hivyo. Kwa watu wa aina yake, tarakilishi na simu zikawa ndizo mlango pekee uliosalia wazi wa kwendea kazini na, kwa waliotakiwa kuongeza maarifa, wa kujifunzia kazi yenyewe.

Dharura hiyo imekwisha, lakini mlango haukufungwa. Waajiri wengi waliojaribu mafunzo ya mtandaoni kwa kulazimika sasa wanayachagua kwa hiari, maana ni rahisi kwao. Makala haya yanaeleza jinsi mafunzo hayo yanavyofanya kazi, yanapomfaa mfanyakazi wa Mombasa na yanapompunja. Suala la lugha limepewa nafasi kubwa kwa kuwa ndilo linalowahusu zaidi wasomi wa Kiswahili, na pia kwa kuwa halizungumziwi mno na wanaouza mafunzo hayo.

Istilahi na chimbuko

Jukwaa la mafunzo ya mtandaoni ni programu ya tarakilishi inayokusanya mahali pamoja masomo, video, mazoezi, mitihani na kumbukumbu za kila mwanafunzi. Mwajiri humwandikisha mfanyakazi, mfanyakazi hupewa jina na neno la siri, kisha mfumo hurekodi ameingia lini, amesoma nini na amepata alama ngapi. Mojawapo ya programu zinazotumiwa sana ulimwenguni ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyelelewa katika jangwa la nchi hiyo na kusomeshwa utotoni kwa njia ya redio. Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwani kusoma kwa mbali hakukuzaliwa na intaneti. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi (wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki) kilikuwa na kitengo cha masomo kwa njia ya posta na redio tangu mwaka 1967, kilichowawezesha walimu wasiohitimu kusoma bila ya kuacha madarasa yao.

Kiswahili nacho kina neno lake kongwe la kujifunza kazini, nalo ni uanagenzi. Mwanagenzi hukaa karibu na fundi, humpokeza zana, hutazama, hukosea, hukemewa, hatimaye huachiwa kazi ndogo na baadaye kubwa. Neno hili lina faida ambayo istilahi mpya hazina: linataja uhusiano wa watu wawili. Jukwaa la mtandaoni huanza kwa kuuondoa uhusiano huo, kisha hujaribu kuurudisha kwa njia nyingine. Mengi yanayosifiwa na yanayolaumiwa katika majukwaa haya yanatokana na hapo.

Bandarini na hospitalini

Bandari ya Kilindini inaonyesha vizuri kwa nini mafunzo hayawezi kuwa ya mara moja. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilianzisha mfumo wa forodha wa tarakilishi ulioitwa Simba. Mfumo huo ulitokana na ule wa Senegal uitwao Gaindé, neno ambalo kwa Kiwolofu nalo lina maana ya simba. Jina lilitafsiriwa vizuri. Maelekezo yaliyokuwa ndani ya mfumo yakabaki katika Kiingereza. Mwaka 2008 Halmashauri ya Bandari ikaleta mfumo wake wa kuendesha gati na yadi za makasha, KWATOS, jina linalomfanya Mswahili afikirie kwato za ng'ombe ijapokuwa ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mwaka 2011 likaundwa shirika la KenTrade ili kuziunganisha idara zote zinazotoa vibali vya shehena katika mfumo mmoja, na baadaye Simba mwenyewe akaanza kuondolewa ili kuupisha mfumo mwingine, iCMS. Karani aliyeanza kazi kwa karatasi na muhuri amelazimika kujifunza kazi yake upya mara tatu au nne kabla ya kustaafu.

Katika hali kama hiyo jukwaa la mtandaoni lina nguvu ambayo darasa halina. Kanuni ya ushuru ikibadilika leo, somo linaweza kubadilishwa leo hii na kuwafikia mawakala wote wa forodha kwa pamoja, walio Mombasa, Malaba na Namanga. Mfanyakazi anayeishi Likoni, ambaye tayari hupoteza saa nyingi akisubiri feri, haongezewi safari nyingine ya kwenda darasani jioni. Anayefanya kazi kwa zamu husoma zamu yake inapomruhusu. Fauka ya hayo, kuna faida moja isiyotajwa sana, nayo ni sitara. Mzee mwenye miaka 25 kazini huona haya kumuuliza kijana jambo lile lile mara ya tatu mbele ya watu. Video haichoki wala haimcheki. Atairudia mara 10 usiku nyumbani kwake, na kesho atakwenda kazini kama mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo siku zote.

Mfano mkubwa zaidi nchini, hata hivyo, unatoka katika uuguzi. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu na kampuni ya Accenture, lilianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kutumia tarakilishi. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000. Tatizo lilikuwa bayana: vyuo havikuwa na nafasi ya kuwapokea wote, na lau wote wangetoka wadi zingebaki bila watu. Suluhisho likawa kumwacha muuguzi wadini na kulileta somo karibu naye.

Kilichoufanya mpango huo uzae matunda ni kwamba haukuamini tarakilishi peke yake. Nadharia ilisomwa kwenye kioo, lakini mazoezi ya kumhudumia mgonjwa yalifanywa hospitalini chini ya uangalizi wa wakufunzi, na mtihani ukabaki kuwa wa Baraza. Kwa maneno mengine, uanagenzi haukufutwa. Uliondolewa tu mzigo wa mihadhara. Wanaoutaja mpango wa wauguzi kama ushahidi kwamba mtandao unatosha huwa wameisahau nusu yake ya pili.

Ikumbukwe pia kwamba mpango huo ulianza kabla ya Mombasa kupata intaneti ya kuaminika. Waya wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa mwezi Juni 2009, na ule wa SEACOM ukaanza kutumika mwezi uliofuata. Hadi wakati huo mawasiliano yalitegemea setilaiti, tena kwa gharama kubwa. Kwa hiyo ufuo wa Mombasa ndio uliokuwa kizingiti cha intaneti ya kasi kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kama ulivyokuwa kizingiti cha reli zaidi ya miaka 100 kabla yake. Lakini waya nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, na intaneti ya eneo zima ikazorota. Aliyekuwa na mtihani siku hiyo hakuwa na njia ya kuufanya.

Mkono na jicho

Katika Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu, kuna taasisi mbili zinazoliweka suala hili wazi. Ya kwanza ni Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, kilichoanzishwa mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili kuwafunza vijana ufundi wa jadi kama vile useremala na uchongaji. Ya pili ni Swahilipot Hub, iliyoanza mwaka 2016, ambapo vijana hujifunza kazi za tarakilishi na za sanaa. Serikali nayo mwaka huo huo ilizindua mpango wa Ajira Digital wa kuwafunza vijana kazi zinazofanyika mtandaoni.

Kijana anayejifunza kuandika programu hapotezi kitu anapojifunzia kwenye kioo, kwani kioo ndicho karakana yake. Mchonga milango hali yake ni nyingine kabisa. Anaweza kutazama video ikamwonyesha mfaa, miimo na kizingiti cha juu, akajua majina yote na historia ya kila ua linalochongwa. Lakini video haiwezi kumwambia kwamba patasi yake imeinama kupita kiasi, wala haiusikii mlio wa nyundo unaomjulisha fundi kwamba mti unakaribia kupasuka. Fundi hulijua hilo akiwa amempa kijana mgongo. Ndivyo ilivyo kwa rubani wa meli, kwa mwendeshaji wa winchi na kwa muuguzi anayetafuta mshipa. Kila kazi ina sehemu inayoandikika na sehemu isiyoandikika, na jukwaa hubeba ile ya kwanza tu. Hatari huja pale cheti kinapotolewa kana kwamba zimebebwa zote mbili.

Na cheti chenyewe kina matatizo. Mfumo hujua kwamba kidole kimebofya. Haujui ni kidole cha nani. Aidha, wengi huanza na wachache humaliza. Utafiti wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, ulichunguza kozi za mtandaoni za vyuo vikuu vya Harvard na MIT na kuonyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017–18 waliomaliza walikuwa takriban 3 katika kila 100. Miongoni mwa waliolipia cheti, kiwango kilikuwa 46 katika kila 100. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba fedha huleta akili. Inaashiria kuwa mtu huvumilia zaidi akiwa amefungwa na jambo, na mfanyakazi anayeambiwa asome "akipata wasaa" hajafungwa na chochote isipokuwa uchovu wake.

Hapo ndipo penye dhuluma ya kimya kimya. Mafunzo ya darasani yalikuwa na saa zake, na saa hizo zilikuwa za mwajiri. Mafunzo ya mtandaoni huweza kusukumwa usiku, siku ya mapumziko, kwa bando la mfanyakazi na kwa simu yake. Gharama haijapungua, imehamishwa. Suala la nani alipe lilijitokeza hadharani mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu ilipoanzisha mafunzo ya kuwaendeleza walimu, yaliyochanganya vikao vya ana kwa ana na vya mtandaoni, na kuwataka walimu walipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mifukoni mwao. Upinzani wa walimu ulikuwa mkali, na ni vigumu kuwalaumu.

Suala la lugha

Kuli, dereva wa lori, serahangi na karani wa bohari katika kisiwa cha Mombasa hufanya kazi kwa Kiswahili. Lugha hiyo ina msamiati wa bahari na biashara uliokomaa kabla ya kuwapo kwa Kilindini ya leo: gati, shehena, tishali, ngama, nanga, nahodha, ankara. Mfanyakazi huyo huyo akiketi mbele ya jukwaa la mafunzo hukuta kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi Kiingereza cha wataalamu wa nchi nyingine. Swali la usalama kuhusu mzigo unaoning'inia linakuwa mtihani wa lugha. Akikosea, mfumo huandika kwamba hajui kazi. Akibahatisha akapata, huandika kwamba anaijua, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu kesho atasimama chini ya mzigo wa kweli.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Haielekei kwamba wanaonunua majukwaa ya mafunzo hukisoma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi. Wala haiwezi kusemwa kwamba kazi haiwezekani. Mnamo mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na hivyo kuonyesha kwamba menyu na maelekezo yanaweza kusomeka kwa lugha hii. Ugumu uliopo ni wa istilahi zisizoafikiana: Wakenya husema tarakilishi, wengine kompyuta, na wako waliopendekeza ngamizi. Ugumu mwingine ni kwamba tafsiri ya somo la bandari haiwezi kufanywa na msomi aliye Nairobi na kamusi peke yake. Inamhitaji mtu anayejua kwamba kwa baharia wa Mombasa ngama ni mahali mahususi chomboni, si shimo lolote lile.

Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wa Kiswahili walio Mombasa. Kutoka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, hadi lango la bandari ni mwendo mfupi wa matatu, na waliohifadhi msamiati huo vichwani mwao, mabaharia na makuli wastaafu, bado hukaa barazani Mji wa Kale kila alasiri.