Jogoo hakukosa viongozi

Katika mtaa wa Mwihoko ninakoishi, ndani ya eneobunge la Ruiru, ipo nguzo moja ya umeme karibu na mahali zinapopakia matatu za kwenda Githurai ambayo mimi huitazama kama mwanahistoria atazamavyo hifadhi ya nyaraka. Mabango ya uchaguzi yamebandikwa hapo moja juu ya jingine, hivi kwamba mvua ikinyesha kwa siku mbili mfululizo tabaka la juu hubanduka na chama kilichozikwa huchungulia tena duniani. Juu kabisa ni manjano ya UDA ya mwaka wa 2022. Chini yake ni wekundu wa Jubilee wa 2017. Wakongwe wa mtaa wataongeza TNA ya 2013, na kabla yake PNU ya 2007. Mbunge wetu aliyechaguliwa mwaka wa 2017 kwa tiketi ya Jubilee ndiye aliyerejea bungeni mwaka wa 2022 kwa tiketi ya UDA. Mtu ni yuleyule. Bango ndilo lililobadilika.

Tulipokuwa tumeketi ndani ya matatu tukisubiri ijae, mwanafunzi wangu mmoja ambaye pia ni mkazi wa huku aliniuliza swali. Alizaliwa baada ya 2002, kwa hiyo KANU kwake ni jambo la vitabuni kama vita vya Maji Maji. "Daktari," alisema, "hawa Jubilee tangu washindwe wanatafuta mtu wa kuwaamsha watu tena. Watampata wapi?"

Nilimjibu kwa swali, kama ilivyo desturi mbaya ya walimu: je, una hakika kwamba wanachokikosa ni mtu?

Naomba msomaji aniwie radhi nikirudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2002 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, nina kitambulisho kipya mfukoni na kura yangu ya kwanza ikiningoja. Mnamo Machi 18 mwaka huo, KANU ilikutana Kasarani, mwendo mfupi tu kutoka hapa Mwihoko, ikaungana na chama cha NDP cha Raila Odinga. Rais Moi akawa mwenyekiti. Chini yake waliwekwa makamu wanne: Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Raila akatwaa ukatibu mkuu. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi, alitoka ukumbini mikono mitupu. Nyadhifa hizo ziliidhinishwa na wajumbe kwa sauti. Miezi minne baadaye, Moi akatangaza kwamba chaguo lake la kumrithi ni Uhuru, kijana wa miaka 40 ambaye mwaka wa 1997 alikuwa ameshindwa katika kiti cha ubunge cha Gatundu Kusini.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimisha kusimama. Neno lililotawala magazeti mwaka ule mzima lilikuwa "mrithi". Nani mrithi wa Moi? Moi amemtaja mrithi wake. Kitenzi "rithi" tulikipata kutoka Kiarabu pamoja na sheria za mirathi, na kila anayekitumia hukiri mambo mawili hata kama hayakusudii: kwamba kitu kinachorithiwa kilikuwa mali ya mtu, na kwamba mwenye mali ndiye mwenye neno. Hata kaulimbiu ya "Nyayo", aliyoishika Moi alipochukua hatamu mwaka wa 1978 baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, ni ya familia hiyohiyo ya fikra. Afuataye nyayo za mtu hutembea akiangalia chini.

Sasa linganisheni na yaliyotokea Oktoba 14. Siku hiyo wajumbe wa KANU walikusanyika tena Kasarani kumwidhinisha Uhuru. Siku hiyohiyo, katika bustani ya Uhuru Park, waasi waliokuwa wamekihama chama walikutana na wafuasi wa upinzani, na Raila akatamka maneno mawili: "Kibaki tosha." Mwalimu yeyote wa sarufi angeyachora kwa kalamu nyekundu. Kitenzi kimekaa uchi, hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Alipaswa kusema "Kibaki anatosha" au "Kibaki atatosha". Lakini nchi nzima ilielewa, na ikayarudia hadi Desemba 27.

Wengi husema kauli hiyo ilifaulu kwa sababu ilikuwa fupi. Sikubaliani nao. Zipo kauli fupi chungu nzima zilizokufa siku ileile zilipozaliwa. Nguvu yake ilitokana na nani aliyeitamka. Mtu aliyeutaka urais mwenyewe alisimama hadharani akasema kwamba mwingine anatosha. Na tazameni kitenzi chenyewe: kutosha si kung'aa, wala si kuvutia. Kibaki hakuwa na ule mvuto wa jukwaani ambao leo vyama vinaulilia. Alikuwa mchumi mtaratibu aliyekwisha kushindwa mara mbili, mwaka wa 1992 na 1997. Uhuru ndiye aliyekuwa kijana, mwenye sura nzuri na jina kubwa. Kura zilipohesabiwa, Kibaki alipata takriban asilimia 62 na Uhuru asilimia 31. Uhuru alikubali matokeo bila vurugu, jambo ambalo hatujampongeza vya kutosha.

Baada ya hapo ndipo KANU ilipoanza kumtafuta wa kuifufua. Iliingia upinzani kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate uhuru ikiwa na wabunge 64 wa kuchaguliwa, idadi ambayo vyama vingi barani vingeionea wivu. Mwanzoni mwa 2003 serikali mpya ikalitwaa jumba la KICC ambalo chama kililiita lake, na ghafla jogoo akawa hana paa. Nakiri kwamba ipo hoja nzito upande huu. KANU ilikuwa imeishi kwa chifu na mkuu wa wilaya kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba haikujua ada ya mwanachama hukusanywaje. Ukiondoa serikali ndani ya chama cha namna hiyo, hubaki nini? Lakini hoja hiyo hainitoshelezi, kwa sababu 2005 ilionyesha kwamba kulikuwa na kilichobaki.

Mwanzoni mwa mwaka huo, wajumbe wa KANU walimchagua mwenyekiti wao katika ushindani wa kweli. Uhuru Kenyatta alikabiliana na Nicholas Biwott, kigogo wa enzi za Moi, akamshinda. William Ruto akawa katibu mkuu. Kwa mara moja, chama kilichozoea kuitikia kilipiga kura. Na mwezi Novemba mwaka huohuo, kikishirikiana na wenzake wa upande wa chungwa, kiliishinda serikali katika kura ya maoni ya katiba kwa asilimia 58 dhidi ya 42. Kama jogoo alikuwa maiti, alikuwa maiti mwenye mateke.

Kilichokosekana ni sehemu ya pili ya uchaguzi, nayo ni kushindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sisi walimu tumeiandika methali hiyo ubaoni mpaka chaki ikaisha. Mwishoni mwa 2006 mkutano mwingine uliitishwa Mombasa, ukamtawaza Biwott. Chama kikawa na wenyeviti wawili na majalada mahakamani, hadi mahakama ilipomrejeshea Uhuru kiti mwaka wa 2007. Ruto alikuwa amekwenda zake ODM. Mnamo Septemba 2007, Uhuru, kiongozi rasmi wa upinzani, alitangaza kwamba atamuunga mkono Rais Kibaki aliyekuwa akimpinga, na KANU ikaingia uchaguzini bila mgombea wa urais. Mwaka wa 2012 mwenyekiti mwenyewe alihamia TNA. Uongozi wa KANU ukaishia mikononi mwa Gideon Moi, mwana wa mwenyekiti wa zamani. Mwaka wa 2022 naye alipoteza kiti chake cha useneta wa Baringo.

Msomaji, hebu turudi katika ukumbi ule wa Kasarani wa Machi 2002 tuhesabu vichwa, kwa maana hili ndilo nililomwambia mwanafunzi wangu matatu ilipokuwa imejaa na kuanza kuyumba kuelekea Githurai. Uhuru Kenyatta: Rais, 2013. William Ruto, aliyekuwa mmoja wa vijana wa chama hicho: Rais, 2022. Kalonzo Musyoka: Makamu wa Rais, 2008. Raila Odinga: Waziri Mkuu, 2008. Mudavadi: Makamu wa Rais kwa majuma machache mwaka huohuo wa 2002, Naibu Waziri Mkuu 2008, Mkuu wa Mawaziri 2022. Na Kibaki aliyewashinda wote alikuwa mwana wa KANU hadi Desemba 1991. Kwa kifupi, karibu kila aliyeitawala Kenya tangu wakati huo alitoka katika chama kinachosemekana kilikufa kwa kukosa kiongozi mwenye mvuto.

Mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo walikuwa nao?"

Walikuwa nao, tena tele. Kila mmoja alilazimika kutoka nje ya nyumba ili ahesabiwe kuwa mtu mzima.

Wala mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na hili hunikera zaidi kwa kuwa ushahidi uko hapa kwetu. KANU ilizaliwa mjini Kiambu mwaka wa 1960, wakati kipenzi cha umma, Jomo Kenyatta, alikuwa angali kizuizini. James Gichuru akawekwa kukishikilia kiti, Oginga Odinga akawa makamu wake na Tom Mboya katibu mkuu. Mwaka wa 1961, Kenyatta alipokuwa ameachiliwa, Gichuru aliondoka kitini. Hakuanzisha chama chake wala kukimbilia mahakamani. Miaka mitano tu baadaye, katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, chama hichohicho kiliuvunja umakamu wa rais wake vipande vinane ili Odinga abaki bila kitu, naye akatoka kwenda kuunda KPU. Tangu Limuru hadi Kasarani ni miaka 36 ya kutengeneza viti kwa kupima ukubwa wa watu wasiotakiwa kuvikalia.

Tukitaka kutazama nje, Malawi inafaa. Chama cha MCP cha Kamuzu Banda kilitawala peke yake kama KANU, kikang'olewa mwaka wa 1994. Kilikaa nje miaka 26. Lakini kilibaki na jina lake, kikaendelea kuitisha mikutano mikuu, na katika mkutano wa 2013 kikamchagua Lazarus Chakwera, mhubiri ambaye hakuwa na ukoo wowote katika historia ya chama. Mwaka wa 2020 akashinda urais, na mwaka wa 2025 akashindwa. Sisemi MCP ni malaika. Enzi za Banda zinajulikana. Nasema tu kwamba mlango ulikuwapo na mgeni aliweza kuupita.

Yaliyoipata Jubilee baada ya Agosti 2022 yananikumbusha 2006 kiasi cha kuchosha. Makundi mawili yaling'ang'ania ukatibu mkuu, wajumbe wakaitwa, mahakama zikaitwa. Ikatajwa orodha ya wakombozi, na jina la Dkt Fred Matiang'i likapanda juu. Sina ugomvi na mtu huyo. Nauliza tu kura ya kumpata ilipigwa wapi, na aliyeshindwa naye ni nani, na ameketi wapi sasa ndani ya chama. Upande wa ODM, baada ya kifo cha Raila mnamo Oktoba 15, 2025, nafasi ya kiongozi wa chama ilishikwa na kaka yake, Dkt Oburu Oginga. Neno "mrithi" likarudi magazetini bila hata kubisha hodi.

Wanafunzi wa isimu hupenda kuuliza kwa nini "kiongozi" huanza kwa KI- kama kiti na kikombe, ilhali husema "kiongozi mwema amefika" na wala si "kiongozi chema kimefika". Jibu la kitaalamu wanalijua: umbo ni la kitu, upatanisho ni wa mtu. Nadhani vyama vyetu vimeshika nusu ya kwanza ya kanuni hiyo pekee. Vinatafuta kitu, kama mtu anayepita madukani akitafuta kikombe cha kuziba pengo la kilichovunjika.

Na "chama" je? Hapa Mwihoko, ukitaja neno hilo bila kuongeza lolote, hakuna atakayefikiria jogoo wala njiwa. Watu watafikiria akina mama wanaokutana Jumapili alasiri kuchangiana pesa. Mke wangu yumo katika kimojawapo. Mapema mwaka huu walifanya uchaguzi, na mwenyekiti aliyekuwa amekiongoza kwa miaka minne alishindwa kwa kura mbili. Nilitarajia kusikia kwamba kimegawanyika, kwa sababu nami ni Mkenya.

Jumapili iliyofuata walikutana kwetu. Nilikuwa nikisahihisha insha chumbani, mlango uko wazi. Nilimsikia mwenyekiti wa zamani, akiwa ameketi na wengine kwenye mkeka, akimuuliza mwenyekiti mpya kwa nini daftari linaonyesha faini ya shilingi 50 ambayo haijalipwa. Mwenyekiti mpya alifungua ukurasa, akatazama, akasema, "Ni yangu hiyo, mama," akatafuta pochi yake.